Kiatu Chenye Tundu Kisiginoni

Ni jozi ya viatu vya ngozi vya kumtosha mtoto wa miezi mitatu. Vidole viko wazi, kamba zinafungwa mbele, na chini viatu vyote viwili vimeshikizwa kwenye fito moja ya chuma yenye upana wa mabega ya mtoto mwenyewe. Fito imepindwa kidogo ili nyayo zielekee juu, na viatu vimegeuzwa vitazame nje: nyuzi 70 kwa mguu uliotibiwa, 40 kwa mguu mzima. Nyuma, pale kisigino kinapokaa, ngozi imetobolewa tundu. Mama akishafunga kamba anageuza kiatu na kuchungulia. Kisigino kikionekana kimetulia chini, kazi imekwisha. Kisipoonekana, mguu umepanda ndani ya kiatu, na hapana budi afungue aanze upya, hata kama mtoto analia.

Kiatu hiki kinaitwa Steenbeek, kwa jina la Mholanzi Michiel Steenbeek aliyekibuni, lakini kwao ni Kampala. Kilizaliwa katika karakana ya Katalemwa, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Gayaza, na leo aina yake inatengenezwa na kuvaliwa hadi India na Bangladesh. Vifaa vingi vya hospitali za Afrika Mashariki vimekuja kwa meli na ndege kutoka kwingine. Hiki kilishika njia ya upande wa pili. Wala hakikuzuka siku moja. Nyuma yake ipo miaka mingi ya madaktari na mafundi wa Uganda kuhangaika na swali moja: mtu ambaye mguu wake haumbebi atengenezewe kiatu gani, kwa ngozi, mbao, chuma na mpira unaopatikana sokoni?

Katika miaka hiyo yalikuwapo maradhi matatu, na kila moja lilidai kiatu cha namna yake. Mwenye ukoma anaweza kuutembeza mguu wake ila hausikii. Aliyeugua polio anausikia vizuri ila hawezi kuutikisa. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo anausikia na kuutikisa, lakini umekunjwa ndani tangu tumboni mwa mama yake, unyayo ukitazama mwenzake. Fundi viatu aliyeyajua matatu hayo alikuwa nusu daktari.

Kwa watu wengi wa mji, kiatu chenyewe ni jambo la juzi. Mwaka 1956 timu ya soka ya Uganda ilizuru Uingereza na wachezaji wake wengi waliingia uwanjani peku, mbele ya watazamaji wa huko. Haikuwa aibu, ndivyo walivyozoea kuupiga mpira, na mguu uliokulia peku una misuli na ngozi ambayo mvaaji wa buti hana. Kiatu cha wananchi kilikuwa kile ambacho Kampala hukiita lugabire: ndala ya tairi kuukuu, soli yake imekatwa kwa kisu kikali na mikanda yake imetoka kwenye tairi hilohilo au mpira wake wa ndani. Lugabire inadumu miaka. Inavuka matope ya Bwaise na kokoto za Nakawa bila kulalamika, na katika miaka ya 1970 na 1980, viwanda vilipokufa na bidhaa zikawa za magendo, iliwastiri watu wengi ambao dukani wasingepata kitu.

Lakini lugabire hushikizwa kwa misumari, na msumari ndio uliofundisha somo la kwanza.

Mashariki ya Kampala, ukielekea Busoga, zipo hospitali mbili za ukoma zilizoanzishwa katika miaka ya 1930 na masista wa Kifransisko wa Mama Kevin, yule Mwairishi aliyefika Nsambya mwaka 1903. Ya kwanza iko Nyenga, karibu na Jinja. Ya pili iko Buluba, kando ya Ziwa Victoria. Huko Buluba alifika mwaka 1951 daktari wa Kipolandi, Wanda Błeńska, akakaa zaidi ya miaka 40. Alijulikana kwa kuwagusa wagonjwa wake kwa mikono mitupu, bila glavu, ili wajue kwamba hawaogopwi. Alifariki mwaka 2014 akiwa amepita umri wa miaka 100.

Wakati Błeńska anaanza kazi, watu wengi, hata ndani ya hospitali, waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole na nyayo. Daktari Mwingereza aliyezaliwa India, Paul Brand, akifanya kazi Vellore kusini mwa nchi hiyo, alionyesha kwamba sivyo. Ukoma unaua neva. Mguu ukishakufa ganzi, mwenyewe anakanyaga jiwe lile lile, hatua elfu moja kwa siku, mahali pale pale, bila kuhamisha uzito kama afanyavyo mtu anayesikia maumivu. Nyama inapondeka ndani kabla ngozi haijapasuka. Msumari wa ndala ukichomoza, unaingia unyayoni na kutoka na kuingia tena mpaka jioni, na anayeuona kwanza ni mtoto wa nyumbani anayeona damu sakafuni.

Dawa ya hilo haikuwa kwenye chupa. Ilikuwa soli ya ndani. Vellore na vituo jirani vilitengeneza mpira mwepesi wenye vinyweleo vidogo vya hewa, unaokatwa kwa umbo la unyayo na kulazwa juu ya soli ngumu ya nje. Soli ya nje inazuia miiba na vigae. Ile ya ndani inatawanya uzito ili usikusanyike chini ya kidole gumba au kisiginoni. Kipimo chake hakihitaji mashine. Fundi anaibana kwa dole gumba na kidole cha shahada: ikipungua hadi kama nusu ya unene wake, inafaa. Ikibaki ngumu, itaumiza. Ikibonyea yote, uzito wa mtu utaikanyaga ikawa karatasi ndani ya wiki chache. Kisha kila kitu kinashonwa na kugundishwa, bila msumari hata mmoja. Vituo vya ukoma vya Afrika viliupokea ujuzi huo, na kwa mara ya kwanza fundi viatu akahesabiwa miongoni mwa watu wanaozuia mguu usikatwe.

Inafaa kulitazama hilo kwa makini, kwa sababu mtu wa kawaida akisikia habari za soli ya kubadilisha ndani ya kiatu hufikiri ni starehe ya mkimbiaji au ya mwenye fedha. Kwa mgonjwa wa Buluba, kipande hicho cha mpira kilikuwa tofauti kati ya kulima shamba lake na kukaa kizingitini akiwa na kisiki cha mguu.

Somo la pili lilikuja Kampala yenyewe, juu ya kilima cha Mulago.

Mwaka 1960 alifika Makerere daktari wa upasuaji wa mifupa, Ronald Huckstep, Mwingereza aliyezaliwa China na aliyefungwa kambini na Wajapani akiwa kijana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hospitali mpya ya Mulago ilikuwa inajengwa. Ilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Alichokikuta Uganda ni watoto wa polio kwa maelfu, na wengi wao hawakuwa wakitembea kwa magongo. Walikuwa wakitambaa. Virusi vya polio huua neva zinazoamrisha misuli. Mtoto akipooza paja, goti halina cha kulishika na linakunjika kila akisimama. Basi anakaa, goti na nyonga vinajikunja, kano zinafupika, na baada ya miaka michache hata mtu akimnyanyua hawezi kunyooka. Anakua chini, kwenye vumbi, kwa kimo cha mbuzi na kuku.

Huckstep aliamini kwamba wengi wa watoto hao wanaweza kusimama, na kwamba kazi hiyo haiwezi kungoja madaktari bingwa, kwa kuwa hawakuwapo. Kwanza goti linyooshwe, kwa plasta au kwa kukata kano kwa upasuaji mdogo ambao daktari wa kawaida wa wilayani anaweza kuufanya. Kisha mguu ufungiwe vyuma: fimbo mbili za chuma laini pande zote mbili za mguu, pete juu ya paja, mkanda wa ngozi gotini. Ncha za chini za fimbo hizo zinahitaji mahali pa kuingia. Hapo ndipo kiatu kilipogeuka kuwa kiini cha jambo lote.

Vyuma vya namna hiyo vilivyotoka Ulaya vilikuja na buti nzito za ngozi, ghali, zilizopimwa kwa mguu mmoja. Mtoto wa Kampala hukua kama mtoto mwingine yeyote, na baada ya miezi michache buti halimtoshi. Mvua za Machi huliozesha. Na kama kwao ni Kitgum au Kabale, fundi wa kulitengeneza yuko siku nzima ya safari. Jibu la karakana ya Mulago lilikuwa kiatu cha mti, ndugu wa mtalawanda unaovaliwa pwani: soli ya ubao mmoja, ngozi juu, na kisiginoni bomba fupi la chuma lililopitishwa ndani ya ubao ili kupokea ncha za fimbo. Nyuma uliwekwa mzuio ili kidole kisiangukie chini mtoto anaponyanyua mguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi, ubao unaongezwa unene. Seremala yeyote anaweza kuchonga kingine. Mtoto akikua, vyuma vinabaki na mti unabadilishwa.

Wapo waliokiona kiatu hicho kama kitu cha maskini. Kwa sura yake ni kweli hakikupendeza. Lakini yeyote aliyejaribu kumtunza mtoto mwenye vyuma anajua kwamba kifaa bora ni kile ambacho kikivunjika siku ya Jumatatu kinavaliwa tena Jumatano. Buti la Ulaya lililokatika mkanda huishia darini, na mtoto hurudi kutambaa. Huckstep alielewa hesabu hiyo mapema kuliko wengi wa kizazi chake, na anastahili heshima katika historia ya Uganda kwa hilo kuliko kwa vyeo vyake vingine, ingawa mwaka 1967 alikuwa profesa wa kwanza wa upasuaji wa mifupa Makerere na baadaye alivumbua chuma cha kuungia mfupa wa paja ambacho bado kina jina lake.

Mwaka 1975 aliyaandika yote katika kitabu juu ya polio kwa ajili ya nchi zinazoendelea, pamoja na michoro ya vyuma, viatu na viti vya magurudumu. Wakati huo alikuwa ameshaondoka. Aliondoka mwaka 1972 kwenda Sydney, mwaka ule ule Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waihame nchi. Mji ulipoteza mengi kwa mkupuo mmoja: wenye maduka ya ngozi na viatu, wauguzi, walimu wa chuo cha udaktari, waagizaji wa vyuma na gundi. Karakana hazikufungwa zote, lakini kila kitu kikawa cha kutafuta. Polio yenyewe haikusubiri. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1983, na ni mwaka 1996 tu ambapo polio ya humu nchini ilikoma. Uganda ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2006. Kati ya hapo, kizazi kizima kilikua na vyuma au bila vyuma. Mtu anayepita leo katikati ya Kampala na kumwona mfanyabiashara wa makamo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono anatazama sehemu ya historia hiyo.

Nyumba ya Katalemwa ilianzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya watoto hao hao wa polio, chini ya jina la Leonard Cheshire, rubani wa vita wa Kiingereza aliyegeukia kuwatunza walemavu. Watoto walikaa hapo kabla na baada ya upasuaji, wakijifunza kutembea, na karakana ikawatengenezea vyuma na viatu. Polio ilipopungua, karakana ilibaki na mafundi, cherehani za ngozi, mashine za kuchomelea, na mazoea ya kutazama mguu kabla ya kukata ngozi. Mazoea hayo ndiyo yaliyokuja kuwa na thamani isiyotarajiwa.

Somo la tatu lilikuwa la mguu kifundo, ambao ni wa kale kuliko hospitali. Nchini Uganda utafiti wa mwaka 2006 na 2007 uliohesabu watoto waliozaliwa hospitalini ulionyesha kwamba watoto 1.2 katika kila 1,000 wanazaliwa nao, wavulana zaidi ya mara mbili ya wasichana. Katika nchi inayopata watoto zaidi ya milioni moja kwa mwaka, hao ni zaidi ya 1,000 kila mwaka. Asipotibiwa, mtoto anajifunza kutembea kwa ubavu wa mguu, hata kwa mgongo wake, na ngozi ya pale inaota sugu nene. Kiatu cha dukani hakimwingii. Shuleni anachekwa, akiwa mkubwa anaumwa kila hatua. Zamani tiba iliyotegemewa ilikuwa upasuaji mkubwa, na madaktari wa kuufanya walihesabika kwa vidole. Waliofanyiwa nao mara nyingi walibaki na mguu mgumu wenye maumivu.

Njia nyingine ilikuwapo, nayo ilikuwa imeandikwa tangu 1963. Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa kisiwa cha Menorca na kukimbia Hispania baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa Iowa, Marekani, akiwatibu watoto wachanga kwa vidole vyake na plasta. Mifupa ya mguu wa mtoto mchanga kwa sehemu kubwa ni gegedu laini. Mguu ukinyooshwa polepole katika mwelekeo sahihi na kufungwa plasta kila wiki, kwa wiki tano au sita hivi, unageuka. Mara nyingi mwishoni hukatwa kano ya kisigino, kwa tundu dogo tu, nayo inajiunga yenyewe ikiwa ndefu zaidi. Madaktari wenzake hawakumsikiliza kwa zaidi ya miaka 30. Wengi walizinduka baada ya kitabu chake cha mwaka 1996 na baada ya wazazi wenyewe kuanza kumtafuta.

Mmoja wa waliozinduka mapema alikuwa Shafique Pirani, daktari wa mifupa wa British Columbia, Kanada. Pirani ni mzaliwa wa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Amin. Mkanada mwenzake, Norgrove Penny, alikuwa akifanya upasuaji Kampala katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kuona kila wiki watoto wenye miguu iliyoachwa bila tiba. Wawili hao, pamoja na madaktari wa Mulago, waliamua kwamba njia ya Ponseti inaweza kuenea Uganda nzima bila kungoja madaktari bingwa, kwa mikono ya maafisa tabibu wa mifupa waliokuwa tayari wilayani. Mantiki ni ile ile ya Huckstep, miaka 40 baadaye. Kuanzia 2006 kazi hiyo ikawa mpango wa taifa, Wizara ya Afya na Makerere wakishirikiana na Chuo Kikuu cha British Columbia kwa fedha za Kanada. Pirani ndiye pia aliyetunga kipimo kinachotumika sasa duniani kuhesabu ukali wa mguu kifundo. Kina dalili sita; kila moja hupewa sifuri, nusu au moja. Moja ya dalili hizo ni kisigino kitupu: ukikibonyeza kwa kidole, hukuti mfupa, kwa kuwa mfupa umepanda juu.

Sasa basi ikabaki sehemu ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, nayo haifanyiki hospitalini. Mguu uliogeuzwa unataka kurudi ulikotoka. Ili usirudi, mtoto lazima avae viatu vilivyounganishwa kwa fito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha kila usiku mpaka afikishe kama miaka minne. Fito ya namna hiyo ilitumiwa London na Denis Browne tangu miaka ya 1930, na viatu vya kisasa vya Marekani vilikuwa vizuri lakini kwa bei ya mamia ya dola. Kwa bei hiyo njia nzima ingeishia Kampala kama habari njema iliyosomwa gazetini.

Karibu na mwaka 2000, Steenbeek na mafundi wa Katalemwa walikaa na tatizo hilo. Kiatu walichokitoa kilitumia ngozi, ubao mwembamba, mpira wa soli na fito ya chuma laini, ile ile ambayo wachomeleaji wa Katwe na Kisenyi hutengenezea milango na madirisha. Vifaa vya kazi vilikuwa vile ambavyo karakana ya mkoa inaweza kuwa navyo: cherehani ya ngozi na mashine ya kuchomelea. Gharama ilishuka mpaka takriban dola 10. Kiatu kinafunguka mbele yote ili mguu mdogo, mnene na mtelezi wa mtoto mchanga uingie bila kusukumwa. Mbele kiko wazi ili kidole kinachokua kisibanwe. Na tundu la nyuma linampa mama kile ambacho afisa tabibu anacho hospitalini, yaani njia ya kujua mwenyewe, nyumbani, gizani kwa taa ya simu, kama kisigino kiko mahali pake.

Utengenezaji wake uliandikwa hatua kwa hatua, pamoja na picha na vipimo vya kila ukubwa, katika kijitabu kilichotolewa bure na shirika la Global HELP la Seattle. Hakuna siri iliyofungiwa kabatini. Ndiyo sababu fundi wa mji mwingine wa Afrika au wa India aliweza kukata kiatu hicho bila kumwomba mtu ruhusa. Uamuzi huo wa kukitoa bure una uzito sawa na ubunifu wenyewe, kwa maana vifaa vingi vizuri vimekufa mikononi mwa wenye navyo.

Pamoja na hayo, kiatu hakijivalishi chenyewe. Watafiti waliozungumza na familia nchini Uganda walikuta kwamba wanaokatisha tiba hawakatishi kwa uvivu. Nauli ya kwenda kliniki inashindana na unga. Mama ana watoto wengine. Baba haafiki, au haoni sababu ya kumfunga vyuma mtoto ambaye mguu wake sasa unaonekana mzima. Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wauguzi zaidi, kwa sababu lina akili ndani yake: mzazi anatazama mguu ulionyooka na kusema umepona. Kurudi kwa ugonjwa, mara nyingi, huanzia pale kiatu kinapowekwa kando. Kwa hiyo kliniki zilijifunza kutumia muda mwingi kumfundisha mzazi kukivalisha, kumkutanisha na wazazi waliotangulia, na kumsisitizia baba aje mwenyewe aone. Ngozi nayo ina shauri lake. Ikiwa ngumu ukingoni, inachubua, mtoto analia usiku kucha, na majirani wote wanajua. Fundi anayepunguza ukingo huo kwa kisu na kuushonea bitana laini anaokoa matibabu ya miezi miwili.

Siku hizi mahitaji yamebadilika tena. Hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2009, imejaribu kupima kiungo cha mtoto kwa skana na kuchapa kwa mashine plastiki ya kuushika mguu wa bandia, kazi iliyoanza pamoja na Chuo Kikuu cha Toronto katikati ya miaka ya 2010. Kisukari kimeleta mguu uliokufa ganzi kwa watu wa mjini ambao hawajawahi kuuona ukoma, nao wanahitaji soli ya ndani yenye masharti yale yale ya Buluba: laini kiasi, pana, bila mshono wa kukwaruza, na ibadilishwe kabla haijalala. Wengi wao hawaambiwi. Wanatoka kliniki na vidonge na orodha ya vyakula, wakiwa wamevaa viatu vya mtumba kutoka soko la Owino ambavyo soli yake ya ndani ilishakanyagwa na mtu mwingine, kwa umbo la mguu wa mtu mwingine. Kama hospitali za Kampala zina jambo moja la kurithi kutoka historia hii mwaka huu, ni kumweka fundi viatu karibu na mlango wa kliniki ya kisukari.

Lipo deni jingine. Maktaba ya Albert Cook pale Makerere imetunza karatasi za hospitali ya Mengo tangu mwisho wa karne ya 19, kwa mkono wa Cook mwenyewe, daktari aliyeianzisha, na majina ya Huckstep, Ponseti, Pirani na Steenbeek yamo vitabuni na kwenye vifaa. Majina ya waliochonga mitalawanda ya Mulago, waliopinda fimbo za kwanza za Katalemwa, waliojua kwa kubonyeza tu kwamba mpira huu haufai, hayamo. Aliyeanza kazi karakanani akiwa kijana wa miaka 20 mwaka 1962 amepita umri wa miaka 80. Vyuo vya afya vilivyo pale pale Mulago, vinavyowafundisha mafundi sanifu wa viungo, vina wanafunzi wenye simu za kurekodi sauti. Waende kwa wazee hao, wakishirikiana na Jumba la Makumbusho la Kitante, wawaulize walikatia wapi ubao, walinunua wapi ngozi mwaka 1977 wakati hakukuwa na kitu, na nani aliwafundisha kushona.